Baba, Maumivu Yako ni Ngapi?

Hospitali zetu zimebadilika, hilo sibishi. Zamani hapa Mtwara ukiandikiwa kipimo kikubwa, maana yake ukakate tiketi ya basi la Dar. Sasa mashine zipo hapahapa. Ila niulize jamani: mashine inaangalia mfupa, maumivu nani anayaangalia?

Mimi mgongo umenishika tangu nilipobeba ile mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Nimefika hospitali natembea kama naokota sarafu. Dirishani nikaambiwa nisubiri namba ya malipo, mtandao upo chini. Sawa, hata mimi nipo chini.

Ikatoka namba, nikakutana na nesi, akaniuliza kwa sauti ya kuita abiria: "Baba, maumivu yako ni ngapi? Kuanzia sifuri mpaka kumi."

Na shemeji yangu kakaa pale pale!

Sasa unajibu nini? Ukisema kumi, utaulizwa mbona umekuja na bodaboda. Ukisema tatu, unapewa Panadol mbili na pole. Tena sisi tuliopita jando tulishaambiwa mwanaume halii, hatukufundishwa kupanga bei ya kilio. Nikataja sita, nikamwangalia usoni, labda ataongeza. Akaandika sita. "Haya, kasubiri picha."

Nikamwomba basi anipe hata kidonge nikisubiri. Kanambia hapana, daktari aone picha kwanza. Hivi Panadol nayo inajificha mbele ya mfupa? Nimekuja kuuliza baadaye kwa mhudumu anayejua kazi yake, akasema dawa ya maumivu haiharibu picha ya mgongo hata kidogo.

Mara akaletwa mama mmoja kutoka Tandahimba. Huyo hakutaja namba. Alianza getini: "Mama yangu nakufaaa!" Mpaka watu wa maabara wakachungulia. Sindano ikamfuata alipo. Simwonei wivu, aliumwa kweli, lakini nami nimeumwa kwa adabu nikaachwa kwenye benchi la mbao.

Na hili la kelele mimi linanikera, maana limetutesa nyumbani. Baba mdogo alipokuwa na saratani, alipewa dawa ya maji ya mofini, ile kali ya kutuliza maumivu, watu wa ukoo wakaificha kabatini. Eti ataizoea, apewe akizidiwa. Kumbe Shirika la Afya Duniani lilishatoa utaratibu wa maumivu ya saratani tangu mwaka 1986: ngazi tatu, chini Panadol na wenzake, juu mofini, na dawa inatolewa kwa saa. Husubiri mtu apige ukunga. Nesi alikuja nyumbani akatugombeza, akatuambia la kuangalia zaidi ni choo kigumu, apewe na dawa ya kulainisha. Mzee akaanza kulala, hata ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, akaulizia.

Turudi kwenye foleni. Upande wa altrasaundi kulikuwa na dada kaambiwa anywe maji mengi, kibofu kijae, ndiyo wanaona vizuri. Kanywa, kajaa, umeme ukakatika! Gesi inatoka hapo Mnazi Bay, dada wa watu kabana magoti gizani. Jenereta lilipowaka alikuwa ameshakimbilia chooni. Akaambiwa aanze upya.

Picha ya eksirei yenyewe si mambo ya jana. Mjerumani Wilhelm Röntgen alimpiga mkewe picha ya mkono mwaka 1895, mifupa na pete vikaonekana. Mwaka huohuo Wajerumani wenzake walikuwa wanajenga boma pale Mikindani. Wangetuletea na hiyo kamera tungekuwa tumeshazoea foleni.

Zamu yangu ikafika. "Vua mkanda, vua kila chenye chuma." Nikavua, ikabaki hirizi kiunoni, imefungwa kwenye kikopo cha bati. Kijana akasema na hiyo, itatoka nyeupe kwenye picha. Nikamwambia mwanangu, hii ndiyo ya mgongo. Akacheka mpaka akashika mashine. Kisha "usipumue", akakimbilia nyuma ya ukuta. Yeye anapiga watu kutwa nzima, haki yake, lakini angeaga.

Daktari akasoma picha kwenye kompyuta: mifupa mizima, ni misuli, na misuli eksirei haionyeshi vizuri. Akaniandikia dawa, nisilale kutwa kitandani, nitembee, na mizigo mizito niache kwanza. Nikaomba filamu niondoke nayo. Hakuna, siku hizi inabaki humo kwenye kompyuta. Zamani mtu alirudi kijijini na bahasha ya kaki kubwa, hakuna aliyejua kuisoma lakini kila mtu alinyamaza.

Mimi nimerudi mikono mitupu, na shemeji kanitangulia nyumbani. Nafika, mke wangu kashajua kila kitu: maumivu sita, mifupa mizima. Mashine ya salfa ameshaifuta vumbi, kaiweka mlangoni.