Je, Joto la Shimo Jeusi ni Joto la Makaa?

Jioni moja kwenye baraza ya Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, muuza kahawa alichukua karatasi aliyoandikia madeni ya wateja wake wa juma lile, madeni ambayo yote yalikuwa yamekwisha kulipwa, akaikunja na kuitia kwenye makaa yaliyokuwa chini ya dele. Karatasi ilijikunyata, ikatoa ulimi wa moto wa manjano, na kabla kikombe changu hakijapoa ikawa jivu. Mzee aliyeketi kando yangu akatania: "Haya, mwanangu, sasa hata asiyelipa hana wa kumshitaki." Nikamjibu: "Ushahidi upo, mzee, ila umekuwa moshi." Alicheka, lakini mimi sikuwa natania.

Kwa mujibu wa sheria za fizikia, mtu ambaye angeweza kukusanya kila chembe ya moshi, kila punje ya jivu na kila mwali wa mwanga uliotoka kwenye karatasi ile, angeweza, angalau kwa hesabu, kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye majina na shilingi zilizoandikwa. Habari hazikufutika, bali zilitawanyika. Kipimo cha mtawanyiko huo ndicho entropia, yaani idadi ya mipangilio ya chembe inayoweza kujificha nyuma ya sura moja tunayoiona. Uhusiano wake na joto si wa kimafumbo: mwaka 1961 mwanafizikia Rolf Landauer alionyesha kwamba kufuta biti moja ya habari, yaani jibu moja la ndiyo au hapana, kwenye mashine hakuwezekani bila kutoa kiasi fulani cha joto, kidogo mno lakini kisichokwepeka. Kinachosahauliwa hapa hulipiwa pale kwa joto.

Swali gumu ni la karatasi inayotupwa kwenye shimo jeusi, yaani mahali angani penye mvutano mkali mno hata mwanga hauwezi kutoka. John Wheeler, mwanafizikia wa Princeton, alimchokoza mwanafunzi wake Jacob Bekenstein kwa mfano wa chai: ukichanganya chai ya moto na ya baridi umeongeza entropia ya ulimwengu, lakini ukikitupa kikombe ndani ya shimo jeusi, si umeificha dhambi yako? Bekenstein hakukubali dhambi ifichwe kirahisi hivyo. Mwaka 1972 alipendekeza kwamba shimo lenyewe lina entropia, nayo hufuata eneo la mpaka wake, ule ambao kinachouvuka hakirudi, si ujazo wake. Hilo ni jambo la ajabu kuliko linavyosikika, kwani ni sawa na kuambiwa kwamba kontena bandarini Kilindini hupakiwa kwa kadiri ya mabati yake, si kwa nafasi iliyomo ndani.

Mwanafizikia Stephen Hawking alipinga mwanzoni, na hoja yake ilikuwa na uzito: chenye entropia na nishati lazima kiwe na joto, na chenye joto lazima kitoe mnururisho, yaani miali ya nishati, ilhali shimo jeusi halitoi kitu. Alipopiga hesabu mwenyewe kwa kutumia nadharia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, mwaka 1974 akatangaza kwamba linatoa, na kwa kutoa huko hupungua kidogo kidogo hadi liishe. Joto hilo hupungua kadiri uzito unavyoongezeka. Shimo lenye uzito wa Jua lina joto lisilofikia hata sehemu moja ya milioni kumi ya nyuzi moja juu ya sifuri halisi, ile baridi ya mwisho kabisa, wakati mnururisho uliojaa anga tangu mwanzo wa ulimwengu una nyuzi 2.7. Kwa hiyo shimo kama hilo leo linapokea zaidi ya linachotoa, na hakuna aliyewahi kuupima mnururisho wake. Mabishano yote yanayofuata, ya kama habari hupotea ndani ya shimo au la, yanaendeshwa kwa hesabu tupu, jambo ambalo washabiki wa pande zote mbili hulisahau upesi.

Mwaka 1976 Hawking alitoa hoja iliyowagawa wanafizikia. Kwa hesabu yake, mnururisho hutegemea uzito, chaji ya umeme na mzunguko wa shimo tu. Chukua mashimo mawili yanayolingana katika hayo matatu, moja lililotokana na nyota na jingine na mlima wa kashata: mnururisho wao ni mmoja. Shimo likiisha lote, hakuna jivu la kuchunguza, na habari zimepotea kabisa. Wanaotetea upande huu, wakiwemo wanafizikia William Unruh na Robert Wald, hawavunji sheria kwa ukaidi. Wanasema kwamba habari zimeingia mahali ambapo sisi tulio nje hatuna tena njia ya kupafikia, na kwamba mpaka wa shimo kubwa, kwa nadharia ya Einstein, ni mahali patulivu pasipo na sababu ya kunakili chochote.

Upande wa pili unaanzia kwenye joto. Mwaka 1984 wanafizikia Banks, Peskin na Susskind walidai kwamba ulimwengu unaoruhusu habari kufutika ungeshindwa kutunza nishati yake, hata utupu wenyewe ukachemka. Unruh na Wald walijibu mwaka 1995 kwamba upotevu unaweza kutokea bila madhara hayo kuonekana, na kwa maoni yangu jibu hilo halijapewa heshima linayostahili. Kilichowavuta wengi zaidi ni kazi ya Juan Maldacena ya mwaka 1997, inayolinganisha ulimwengu fulani wenye mvutano na mfumo wa kwanta ulio mpakani mwake, ambamo hakuna kinachopotea. Mwaka 2004, mjini Dublin, Hawking mwenyewe alikiri kushindwa katika dau lake na mwanafizikia John Preskill, aliyeshikilia kwamba habari hazipotei, akamlipa kamusi elezo ya besiboli. Kip Thorne, mwanafizikia mwenzao aliyekuwa upande wa Hawking katika dau hilo, hakukubali siku ile.

Mimi naegemea upande wa Preskill, ila si kwa sababu ya dau. Mwanafizikia Don Page alionyesha mwaka 1993 kwamba kama habari zinahifadhiwa, entropia ya mnururisho lazima ipande, kisha karibu na nusu ya safari ya shimo kuelekea kuisha ianze kushuka, kama ambavyo moshi wa kwanza wa makaa hausomeki hadi uunganishwe na moshi wa mwisho. Mwaka 2019 makundi mawili ya watafiti yalipata mteremko huo kwa hesabu za mvutano zenyewe. Hapo nilishawishika.

Hata hivyo, waliotangaza kwamba kesi imefungwa walifanya haraka. Hesabu zile zilifanywa katika vielelezo vilivyorahisishwa, vingi vikiwa vya ulimwengu usiofanana na wetu, na zinaeleza kiasi cha habari kinachorudi bila kusoma habari yenyewe. Mwaka 2012 wanafizikia Almheiri, Marolf, Polchinski na Sully walikwisha kuonya kwamba kuziokoa habari huenda kukaugeuza mpaka ule mtulivu kuwa ukuta wa moto. Kwa karatasi ya Kibokoni naweza kumwonyesha mzee njia yote, kutoka wino hadi masizi yaliyoganda kwenye tumbo la dele. Kwa shimo jeusi, hatua ambayo herufi inatoka ndani na kupanda juu ya mnururisho bado hakuna aliyeichora.