Tusiishie kwenye mizani ya mwaka wa kwanza

Wako wanaosema upasuaji wa kupunguza uzito ni njia ya mkato ya wavivu. Mtu akatwe sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, aanze kujifunza kula upya, ameze vitamini na madini hadi siku ya kufa, halafu aitwe mvivu! Hao sitawajibu zaidi ya hapo. Leo nina neno na wale wanaousifia, wenye picha za kabla na baada ambazo karibu zote hupigwa ndani ya miaka miwili ya mwanzo.

Miaka hiyo ndiyo ya asali. Uswidi kuna utafiti ulioanza mwaka 1987, ukafuatilia watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa na wengine idadi karibu hiyohiyo waliotibiwa bila kisu. Waliounganishiwa utumbo kwa njia ya kuruka sehemu kubwa ya tumbo walipoteza takriban asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka mmoja au miwili. Baada ya miaka 10, punguzo lililobaki lilikuwa asilimia 25. Yaani kilo kadhaa zilirudi. Wenzao ambao hawakupasuliwa walikuwa karibu palepale walipoanzia.

Sasa, mgonjwa ambaye hakuambiwa hayo mapema, kilo ya kwanza ikirudi anajiona ameshindwa. Anaanza kukwepa kliniki kwa aibu, na hapo ndipo mambo huharibika kweli, maana kliniki ndiyo inayogundua upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12 kabla haujaleta upungufu wa damu au kuharibu neva. Kilo kurudi si lazima kuwe ni ulafi. Operesheni hupunguza njaa kwa sababu inabadilisha homoni za tumbo na utumbo, si kwa sababu tu nafasi ya chakula imekuwa ndogo. Lakini mwili uliopungua nao hutumia nishati kidogo kuliko awali na huendelea kuvuta kurudi kwenye uzito wa zamani. Unene uliokithiri ni ugonjwa sugu. Mgonjwa wa shinikizo la damu presha yake ikipanda tena hatumwambii amekosa nia.

Kisukari kina hadithi kama hiyo. Katika utafiti huohuo wa Uswidi, asilimia 72 ya wenye kisukari waliopasuliwa walikuwa wamepata nafuu kamili baada ya miaka miwili. Baada ya miaka 10 walibaki asilimia 36. Kuna atakayesema nusu wamepoteza. Mimi nahesabu miaka ambayo macho na figo zao zilipumzika na sukari, na kweli madhara ya aina hiyo yalikuwa machache kwa waliopasuliwa.

Takwimu ninayoipenda kuliko zote ilitokana na utafiti huohuo, ikatolewa mwaka 2020: waliopasuliwa waliishi takriban miaka 3 zaidi ya wenzao wanene ambao hawakupasuliwa, lakini bado miaka 5.5 pungufu ya watu wa kawaida. Sijaiona kwenye tangazo lolote.

Na kuna jambo ambalo madaktari wengine hulipitia juujuu: pombe. Baada ya baadhi ya operesheni hizi pombe huingia kwenye damu haraka na kwa wingi, na hatari ya uraibu hupanda, wakati mwingine miaka kadhaa baadaye, ndugu wakiwa wamekwisha kushangilia na kusahau. Hatari ya kujiua nayo imeonekana kuongezeka. Simtishi mtu, kwa mwenye unene uliokithiri, hasa akiwa na kisukari, bado naona upasuaji una faida kubwa kuliko hasara, na vifo vya siku 30 za mwanzo ni vichache sana katika hospitali zenye uzoefu.

Ila kabla ya kutia saini, muulize daktari wa upasuaji nani atakupima damu mwaka wa tano, nani utamwona ukizidiwa na huzuni, na kama uzito ukirudi atakuwa tayari kukuandikia dawa, kwa kuwa siku hizi dawa za kupunguza hamu ya kula kama semaglutidi hutumika hata kwa waliokwisha kupasuliwa. Akijibu kwa kukuonyesha picha, tafuta daktari mwingine.