Kale kachuma ka mu tundu ya tableti

Bandugu, niko na batoto bane, nimejenga nyumba hapa Bukavu ku mutelemuko fasi maji ya mvua inapita kama ulikula deni yake, sijawahi kushindwa. Wiki hii nimeshindwa na kachuma kenye hakapite punje mbili za muchele.

Ilikuwa Jumatano usiku, niko naangalia mupira ku tableti na ekutere mu masikio juu nisilamushe mama batoto, zile ekutere za franki elfu tatu za Kadutu, usingizi ikanibeba, nikageuka, na mimi niko kilo 92. Asubui navuta waya, waya inakuja, ncha inabakia mule ndani. Zile ekutere sikio ya kushoto haikuwahi kusema kitu tangu nizinunue, lakini kufa zilijua kufa.

Sasa shida haiko kachuma, shida ni tableti inaamini ekutere bado ziko. Pale juu ku kioo kako kale kapicha ka ekutere, sauti yote inaenda ku ekutere zenye niko nazo mu mukono zimekatika, na spika imenyamaza kama mutu mwenye ulimukopesha feza. Nimeizima nimeiwasha mara kumi. Nimeionyesha na waya yenyewe, angalia, imekatika, haina kichwa! Apana. Kapicha kako palepale.

Shemeki yangu mwenye aligusaka elektroniki kidogo njo akanieleza. Eti mule mu tundu, yenye haina hata milimita 4 ya upana (ni 3.5, akasema kama mutu anasoma Biblia), muko tubati twembamba twa springi, ncha ikiingia inasukuma kamoja, tableti inajua mugeni amefika, inafunga spika. Na ncha iko na shingo, springi inaibana pale mu shingo, njo maana ukiingiza unasikia «tik». Nikamuuliza basi inatokaje? Akaomba kwanza chai.

Kuanzia pale parseli yote ikakuwa badaktari. Mama wa jirani akaleta sindano, nikachokoa kidogo tu, kachuma kakaenda mbele zaidi, nikamurudishia sindano yake na heshima. Papa wa nyuma akaleta sumaku ya spika ya radio ya zamani, nzito kama tofali, tukaweka, tukangoja, bure, juu kale kachuma kanangaa tu inje lakini ndani ni shaba, na sumaku haina habari ya shaba, kama ingekuwa nayo ingekuwa imehamia Lubumbashi zamani. Kijana wa ku kantine akasema ni kole tu, ile gundi, unatia ku ncha ya kijiti cha meno, unashikisha, unavuta. Nikaangalia tundu, nikaangalia hii mikono yangu. Tone moja ikigusa pembeni nitabakia na tableti yenye kijiti cha meno mupaka mwisho wa dunia, na nani nitamueleza?

Fundi wa Nyawera ndiye hata sitaki kumuzungumuzia. Nimepanda motari nimefika, yeye anakula mandazi juu ya telefone ya mutu mwingine, mafuta inadondoka, hakuangalia hata: dola 20, tunabadirisha tundu yote, urudi kisha wiki moja. Dola 20 juu ya ekutere za franki elfu tatu!

Kitu kimoja tu kilinishangaza zile siku, nyumba ilikuwa muzuri. Batoto wanacheza inje, mama batoto anachambua sombe anaimba pole pole, jioni ananiongezea sambaza bila niombe. Nikasema ni huruma, anaona bwana yake anateseka.

Jumamosi usiku umeme ikaenda, nikabakia na mushumaa, na Bic ya binti yangu wa pili. Nikaitoa ule murija wa wino wenye umekauka, nikakata ncha, nikazima tableti, nikapitisha mudomo wa murija ku moto kidogo mupaka ukalegea, nikausukuma polepole juu ya kale kamufupa ka katikati kenye kalikuwa kamechomoza, nikashikilia bila kupumua mupaka ukapoa. Kisha nikavuta, wima, bila kuzungusha. «Tik.»

Weee! Kakatoka, kakaruka, kakaanguka kule giza. Nikawasha tableti, kapicha hakako! Nikabonyeza kitu ya kwanza yenye ilikuwa wazi, ni ule wimbo wa bata wa batoto, wenye banachezaka mara 40 kwa siku, na sauti iko palepale walipoiacha Jumatano, mwisho kabisa. Batoto bane bote wakalamuka. Kadogo akaanza kuimba.

Mama batoto akasimama ku mulango na kitenge, akaangalia tableti, akaniangalia.

«Papa batoto, siku tatu nimelala kama niko kwetu ku mama yangu. Kale kachuma kameangukia wapi?»

Sasa ni saa saba ya usiku, niko na magoti chini, natafuta na toroshi chini ya kabati.