Nusu kilo ya glita

Jamani mie sikuwa na nia mbaya. Krismasi ya mwaka juzi likizo iligoma, nauli za Moshi nazo zimeshapaa maana Desemba Wachaga wanarudi nyumbani kama vile Dar inafungwa, basi tukakubaliana na baba nanii kwamba safari hii tunabaki, mama mkwe kule Marangu tutamtumia chochote. Sasa mama mkwe wangu ana ugonjwa wa kadi. Sebuleni kwake kuna uzi umefungwa kutoka kona hii mpaka kona ile, umejaa kadi za Krismasi za tangu miaka ya 1990, zile ambazo zamani ukifungua zinalia kinanda, betri zilishakufa lakini kadi haitoki. Na ukienda lazima akutembeze, hii aliniletea fulani, hii ya mke wa fulani. Yangu haipo. Miaka saba ya ndoa, kwenye uzi sipo.

Dukani siku hizi unapata kadi za harusi na za michango tu, za Krismasi chache zilizopo zina mzee wa Kizungu kwenye theluji na kigari kinavutwa na swala wenye mapembe. Nikasema hapana, natengeneza mwenyewe, na theluji naiweka ila ya kwetu, nachora Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, juu kabisa namwaga glita ya silva, zile chenga za kung'aa, mama mkwe akitoka nje asubuhi anauona mlima wake ule ule. Wazo lilikua zuri bana, nalitetea mpaka leo. Kadi 12, yake na za mashangazi wa ukoo, maana ukimpa mmoja ukawaruka wengine umefungua kesi. Hivi mnajua kadi za kwanza za Krismasi kuuzwa zilichapwa London mwaka 1843, na aliyeziagiza, Henry Cole, alikua amezidiwa na barua za kujibu? Yaani kitu kilibuniwa na mtu aliyechoka ili apumzike, mie nikakigeuza kazi ya usiku kucha.

Nikaenda Kariakoo, mtaa wa Kongo, kutafuta manila, gundi ya mbao na glita. Nilitaka vikopo vinne vidogo. Kijana akanitazama kwa huruma, "Dada yangu, hivyo ni vya kucha, kwa kazi yako chukua nusu kilo nikupe bei ya jumla." Nusu kilo! Kadi 12! Lakini nyie mkisikia bei ya jumla akili inabaki? Yangu haibaki. Akamalizia, "Na hii haiozi dada," na hapo hakunidanganya hata kidogo, ile kitu ni plastiki nyembamba imepakwa alumini ikakatwakatwa punje punje, haiozi, haiyeyuki, haiishi.

Siku hiyo hiyo baba nanii karudi na jogoo wa kienyeji, kanunua mapema kabla bei haijachanganya. Kumlaza nje haiwezekani, mtaani kwetu kuku wa Desemba akilala nje haamki kwako, kwa hiyo tukamfunga kamba kwenye mguu wa meza sebuleni. Meza ya kadi. Mshike hapo kwanza.

Shemeji ndo alikua anabeba kadi, basi lake la alfajiri linatokea stendi ya Magufuli kule Mbezi, saa tisa usiku anapita kwetu. Mie saa mbili ndo kwanza nina kadi tatu, umeme ukakata. Feni ya stendi ikazunguka zunguka ikafa, hakuna aliyekumbuka kubonyeza swichi, nani anazima feni iliyokwisha zimika? Ikabaki namba tatu, imeitazama meza.

Nikawasha tochi ya simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, kazi ikaendelea. Unapaka gundi kileleni kwa brashi, unamwaga glita, unageuza kadi unaigonga mgongoni, iliyozidi inaangukia kwenye sinia. Mkono ukishazoea inakua kama unapika chapati. Joto la Desemba mnalijua, natiririka jasho, baba nanii yeye kaoga kajipaka mafuta ya nazi mwili mzima na kipara juu, kalala kwenye kochi kifua wazi mdomo wazi anangoja umeme urudi aangalie mpira. Nikaona kuchota chota kwenye pakiti kunanichelewesha. Nikaimwaga yote kwenye sinia.

Saa tano kasoro nikasikia watoto wa mtaa mzima, umerudiiii! Halafu nikasikia feni.

Haikua vumbi ile, ilikua mvua inanyesha kwenda juu. Na taa imewaka kwa hiyo niliona yote, nimeshika brashi, sina la kufanya. Jogoo kuona mwanga akajua kumekucha, akarukia mezani akawika, na jogoo mnamjua, mara nyingi kabla ya kuwika anapiga mabawa kwanza, kwa hiyo sasa tuna feni mbili. Ile nakimbilia swichi nimeteleza kwenye sinia, kilichobaki nacho kikaruka. Baba nanii akashtuka anakohoa, na kwa yale mafuta ya nazi hakuna punje iliyompita bila kushika, akakaa kitako anameremeta kuanzia utosini mpaka kitovuni kama kombe la ligi, akaniuliza kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia tena mpaka leo, "Mke wangu, nimekufa?"

Kosa langu lililofuata ni ufagio. Glita haifagiliki jamani, unaihamisha tu, na ukizidi kuisugua inazidi kung'ang'ania. Mama wa chumba cha pili akasikia vurugu akaja na ushauri wake, kanda unga wa ngano donge gumu ugandamize sakafuni, na kweli linaokota, ila fikiria saa saba usiku mtu mzima umepiga magoti unakanda sakafu ya sebule na mwenzio kasimama na taulo anakwambia pale bado. Baba nanii kaoga mara tatu. Ilimtoka kidogo ikahamia kwenye taulo, kutoka kwenye taulo ikaenda kwa watoto. Kadi nilizimalizia kwa kuzigandamiza tu kwenye kochi, glita ilikua kila mahali, sikuhitaji kumwaga. Shemeji akafika nikazifungasha harakaharaka nusu nasinzia, akaondoka.

Asubuhi binti yangu wa darasa la pili akamwona jogoo. Kufika saa mbili nina watoto kama 20 mlangoni wanataka kumwona jogoo wa disko, na mmoja anauliza kiingilio shilingi ngapi. Nikamwosha jogoo kwa sabuni ya unga, akakauka anang'aa kuliko mwanzo maana sasa ametakata. Tarehe 24 baba nanii akanoa kisu, binti akamkumbatia jogoo, wote wawili wanang'aa wananitazama, na kusema kweli nani ale nyama ya plastiki. Nikaenda kununua ng'ombe kwa bei ya mkesha. Pilau likatoka zuri, lina iliki, lina mdalasini, lina silva.

Krismasi yenyewe, usharikani, zamu ya baba nanii kusoma neno. Kapanda mbele, jua la dirishani linampiga kiparani, na somo ndo lile la Isaya la watu wa gizani kuiona nuru. Kwaya ya vijana wote wakainama eti wanatafuta ukurasa. Mchungaji akampa mkono, baadaye akajifuta jasho la uso kwa mkono ule ule. Waliohudhuria ibada ya pili watawaambia.

Nimekuja kusikia Umoja wa Ulaya wameshapiga marufuku kuuza hii glita ya plastiki ya kumwaga, tangu Oktoba 2023, wanasema mazingira. Wangeniita mie ningewaongezea na ndoa.

Tarehe 26 mama mkwe akapiga simu. Moyo ukaniruka, nikajua kadi zimefika chafu.

"Mwanangu, kadi nimeipata. Mlima umeutendea haki, nimeitundika katikati kabisa."

Nikakaa chini. Miaka saba!

"Ila nina neno moja, usinifiche. Mashangazi zako wote wamenionyesha za kwao, kila mmoja ndani kuna kaunyoya kanang'aa kamebandikwa vizuri. Sasa mimi mwenye mtoto, changu kiko wapi?"

Nikamtazama jogoo, kasimama koridoni anajikuna.

"Mama jamani, wako ni wa pekee yake, nilisema usichanganywe na za wengine. Unakuja na basi la kesho."

Nikakata simu nikamwita binti aje amshike.