Saa tisa kamili ya kwaya ya vijana

Jamani, hii saa tisa kamili ya kwaya ya vijana ni saa tisa ya nchi gani? Jumamosi binti yangu kaacha vyombo nusu, kakimbilia daladala pale Nkuhungu, maana mwalimu wa kwaya kashatangaza: atakayechelewa, faini mia tano. Saa kumi na nusu nampigia. "Baba, bado tunasubiri kinanda." Kinanda chenyewe kiko kwa mtu, na huyo mtu yuko harusini.

Wameanza kuimba saa kumi na mbili, giza linaingia. Na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba mnaujua. Mimi nje ya geti la kanisa, nimejikunyata juu ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno, mama yake kila dakika tano: "Mmefika wapi?" Ugali tumeula saa nne, umekauka kama tofali.

Faini walitozwa watoto watatu waliofika saa tisa na robo. Mwalimu, aliyeingia saa kumi na moja, alifungua kwa sala ndefu ya kuwaombea vijana moyo wa kujitoa.