Kamala "Mganda" wa Mississippi, na sisi tunaoigiza huku

Kila nikishuka na lori kutoka Memphis kwenda Jackson kwa ile barabara kuu ya I-55, haijapita saa nzima nakuta kibao cha Coldwater, mbele kidogo Senatobia, vimji vidogo tu vya kusini, ukipiga chafya umeshavipita. Na kila nikipita pale napunguza redio kama mtu anayepita penye msiba. Ndiko alikotokea Kamala, mwanamieleka. Wale wa rika langu mliokulia kwenye mikanda ya video mnamjua, lile jitu la futi sita na inchi saba, kilo kama 170, usoni kapakwa rangi nyeupe, kifuani nyota, tumboni mwezi, peku, kajifunga kitambaa cha chui, anapiga tumbo lake kama ngoma. "The Ugandan Giant." Sasa huyo Mganda alizaliwa Senatobia, Mississippi, tarehe 28 Mei 1950, jina lake James Harris, na kabla na baada ya mieleka alikuwa dereva wa lori kama mimi hapa.

Ngoja nianzie nyumbani lakini, maana bila nyumbani hii stori haina utamu.

Mimi ni mtu wa Bukoba, mkoa wa Kagera. Miaka ile ya tisini katikati kulikuwa na jamaa mtaani kwetu ana deki, tivi na jenereta, kiingilio shilingi 50, mnabanana kwenye mabenchi humo ndani jasho tupu. Siku hiyo kaweka mkanda wa mieleka, SummerSlam ya 1992, ile ya Wembley kule Uingereza, Kamala anapambana na mwanamieleka mwenzake Undertaker. Nimekaa na baba yangu mdogo, ambaye mieleka hata hakuwa anaipenda, alikuja tu kwa sababu mvua ilimkuta njiani. Mtangazaji akataja jina, akataja na Uganda. Baba mdogo akanigeukia, "kasemaje?" Nikamwambia anasema huyu ni Mganda, anaitwa Kamala. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mganda gani anaitwa Kamala? Huyo ni Mhaya, huyo ni wa hapa hapa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na kuanzia dakika hiyo Kamala akawa mtu wetu. Wasiotoka Kagera niwaambie tu kwamba kwetu Kamala ni jina la ukoo kabisa, wapo akina Kamala wasomi, wapo mpaka waliokuwa wabunge na mawaziri. Kwa hiyo sisi tukawa tunamshangilia ndugu yetu aliyefika Ulaya, na pale Undertaker alipoinuka kukaa baada ya kurukiwa na tumbo lile mara kadhaa, tulinuna kama tumefungwa fainali.

Nilichokuja kukijua nikiwa huku ndicho kilichonikata maini. Huyu bwana aliletwa Memphis 1982, akiwa ameshacheza miaka kadhaa kwa majina mengine bila kutoka, Sugar Bear Harris na kadhalika, mpaka Uingereza alishacheza kama Big Jim Harris. Pale Memphis mwanamieleka Jerry Lawler na promota Jerry Jarrett wakamtengeneza upya. Wakamrekodi kwenye shamba la Jarrett huko Tennessee, wakamwaga moshi wa barafu kavu ili paonekane msituni Afrika, na stori waliyomtungia ni kwamba alikuwa mlinzi wa Idi Amin, mla watu aliyegunduliwa porini. Mlinzi wa Idi Amin jamani! Mwaka 1982, miaka mitatu tu tangu nduli akimbie Kampala! Baba mdogo huyo huyo aliyekuwa anacheka kwenye video, Oktoba 1978 alikimbia kutoka Kyaka kwa miguu, kabeba godoro na mtoto wa dada yake mgongoni, majeshi ya Amin yako nyuma. Kwetu Amin sio stori ya kutishia watoto, ni daraja lililolipuliwa, ni watu ambao hawakurudi. Na huku Marekani mtu kakaa ofisini akasema hilo jina ni zuri, litauza tiketi. Halafu kwa bahati tu wakamwita jina la watu wa mkoa ule ule uliovamiwa. Sidhani hata kama walijua Kagera iko wapi.

Nilikasirika, siwafichi, na mwanzoni nilimkasirikia yeye Harris mwenyewe, mtu mweusi mzima unakubalije kutolewa na mkuki, na jamaa wa kizungu kavaa kofia ya wapelelezi wa kikoloni anakuongoza kama mnyama (Kim Chee walimwita, naye kafunikwa uso). Hata kumlaza mpinzani chini walimfanya asijue, analalia mtu aliyelala kifudifudi, refa anamwonyesha kwa ishara amgeuze, watu wanacheka. Mwaka 1993 ndio kabisa wakaleta kisa cha Mchungaji Slick, meneja wa mieleka, anamfundisha kwamba yeye ni binadamu. Aisee.

Ila nikasoma maisha yake nikapoa. Baba yake alipigwa risasi akafa, Harris akiwa mtoto wa miaka minne. Amelima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno, akawa kijana mtundu wa kuvunja nyumba za watu, polisi wakamshauri ahame mji, akaenda Florida kuchuma matunda na kuendesha malori, halafu Michigan ndiko akakutana na Bobo Brazil, mwanamieleka mkubwa mweusi wa zamani, ndio mlango ukafunguka. Mtu wa namna hiyo ukimwambia vaa kitambaa cha chui, kaa kimya, usiongee hata neno moja, utalipwa, atakuuliza nivae upande gani. Na kazi aliifanya bana. Kapambana na Andre the Giant, kapambana na Hulk Hogan kumbi zimejaa, Novemba 1992 Undertaker akampigilia misumari ndani ya jeneza, pambano la jeneza la kwanza la WWF (WWE ya sasa) kuonyeshwa kwenye tivi. Na ukimtazama vizuri utaona kipaji, maana kumfanya mtu akuogope kwa macho tu na kutembea bila kusema chochote sio kitu rahisi, waulizeni waigizaji.

Sasa niwape yangu mnicheke.

Miaka kadhaa iliyopita shule ya mwanangu ilitangaza siku ya tamaduni, wazazi wa kutoka nje waje wavae "nguo za kwao". Mimi kwetu nilikuwa navaa suruali na shati, Jumapili naongeza koti. Nikamwambia mwalimu nitakuja na kanzu, maana wazee wetu Bukoba ndio vazi lao la heshima, kanzu na koti juu. Akanijibu kwa upole kabisa, kama ningeweza kupata kitu chenye rangi zaidi, chenye uafrika zaidi. Na mimi badala ya kukataa nikaingia mtandaoni nikanunua kitambaa cha madoa ya chui, kimetengenezwa China, kimefika baada ya siku mbili. Asubuhi ile nimejifunga mbele ya kioo cha bafuni, kitambi kimetokeza, nikajiangalia nikasema mama yangu, huyu ni Kamala. Ilibaki mwezi tumboni tu. Nikaenda hivyo hivyo. Watoto wakaomba niongee "kiafrika", nikawatajia majina ya ndizi kwa Kihaya, wakapiga makofi ya nguvu, mwalimu akapiga picha. Mwanangu hakuniongelesha njia nzima ya kurudi.

Toka siku hiyo simsemi vibaya Harris. Huku sote tuna kitambaa chetu cha chui, mwingine ni lafudhi anayoiongeza kwenye simu ili mteja aone anaongea na mkimbizi, mwingine ni stori ya simba. Kazini wanauliza kama tunakula wadudu, nikakataa kwa sauti kubwa, na kwenye friza yangu nina senene nimeletewa na shemeji, nimewafunga kwenye mfuko mweusi kama bangi.

Lakini msije mkadhani nataka kusema nyumbani ndio mtu anakuwa yeye, hapana, huko ndio naigiza kuliko huku. Nikija likizo nacheza Mmarekani. Navaa kofia, naagiza meza nzima kinywaji, nikiulizwa kazi nasema niko kwenye "logistiki". Sisemi nalala kwenye kabini la lori siku 20 kwa mwezi na nanawa uso kwenye vyoo vya vituo vya mafuta. Nikisema nina shida watu wanacheka wanadhani nabana hela. Mara ya mwisho nilikopa nauli ya kurudi, niliyemkopa ni rafiki wa hapa Memphis, sio mtu wa nyumbani, ningeanzaje. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba huku ukimaliza igizo unafunga mlango na hakuna anayekuja kugonga, na nyumbani igizo haliishi mpaka uwanja wa ndege, ila ukianguka kweli kuna watu hamsini watakaokuokota, hata kama nusu yao wamekuja kuangalia umeangukaje.

Hilo la kuanguka ndilo linanirudisha kwa Kamala. Wanamieleka wa kampuni kubwa huku hawahesabiwi kuwa waajiriwa, wanahesabiwa makandarasi wa kujitegemea, bima ya afya utajijua. Madereva wenzangu mnaopokea ile karatasi ya kodi ya 1099 mnaijua lugha hiyo, mtu anakupangia saa, njia na mzigo, ila ukiumwa wewe ni mfanyabiashara huru. Harris mwenyewe alilalamika miaka mingi kwamba alilipwa kidogo mno kuliko wenzake aliokuwa anapambana nao. Sukari ikamshika. Novemba 2011 wakamkata mguu wa kushoto, Aprili 2012 wa kulia. Akakaa kwenye kiti cha magurudumu akawa anatengeneza viti vya mbao anauza. Mtu aliyejaza kumbi na Hogan. 2016 akaingia kwenye kesi na wenzake wengi kuishtaki WWE kwa madhara ya vichwa, 2018 kesi ikatupwa. Tarehe 9 Agosti 2020 akafariki, korona ilishampata, miaka 70.

Na nyumbani? Mabondia wetu wangapi wamezeeka wakiomba nauli, tusijidanganye. Hospitali zetu unaambiwa kanunue glavu mwenyewe duka la ng'ambo ya barabara. Ila najua tu kwamba mtu wa sifa ile akikatwa miguu Bukoba, hata kama serikali haijui, kanisani wangepitisha kapu, na jioni wangekaa nae nje wambishie kuhusu mapambano ya zamani. Labda huko Mississippi nako walifanya hivyo, watu wa kusini huku makanisa yao yana watu kweli kweli kuliko tunavyodhani.

Ile wiki aliyofariki nilimpigia baba mdogo. Shikamoo, marahaba, habari za huko, ndizi zimeliwa na mnyauko, nikamwambia baba mdogo unamkumbuka Kamala wa kwenye video? Akacheka kabla sijamaliza, "Mhaya mwenzetu!" Nikamwambia amefariki, na kumbe hakuwa Mganda wala Mhaya, alikuwa Mmarekani mweusi dereva wa malori, na walikuwa wanamtangaza ni mlinzi wa Amin. Akanyamaza. Nikadhani simu imekata.

"Mlinzi wa Amin ili iweje?"

"Watu waogope, walipe kiingilio."

"Sisi tulilipa kiingilio," akasema. Halafu akauliza kilichomuua, nikamwambia korona, lakini sukari ilikuwa imeshachukua miguu yote miwili.

"Na wewe sukari unapima?"

Nikamwambia napima. Nilikuwa Texarkana, nimekaa kwenye kiti cha lori toka alfajiri, kwenye kishikio cha kikombe kuna soda ya nusu galoni na kipande cha barafu kinaelea.