Sharti lisilopimika halilindi msitu wa umma

Chukua taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira iliyoandikwa kwa ajili ya mradi ndani ya msitu wa umma, uwe uvunaji wa magogo, barabara, laini ya umeme au kambi ya watalii, kisha nenda moja kwa moja kwenye jedwali la hatua za kupunguza athari. Mara nyingi utakuta sentensi za namna hii: “Mkandarasi atahakikisha mmomonyoko unadhibitiwa ipasavyo.” “Vyanzo vya maji vitalindwa inapowezekana.” Kwa maoni yangu, hapo ndipo kazi ya mtaalamu wa mipango ya mazingira inapoharibikia. Sura za mwanzo zinaweza kujaa majina ya ndege na miti, lakini dereva wa greda hasomi sura hizo. Anafanya alichoagizwa na msimamizi wake, na msimamizi anafuata kilichoandikwa kwenye mkataba. Mkataba ukisema “ipasavyo”, kila mtu eneo la kazi ana “ipasavyo” yake.

Wengi wetu tunajipa moyo kwamba sheria yenyewe italazimisha ulinzi. Nchini Marekani, ambako utaratibu huu wa tathmini ulianza kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Richard Nixon tarehe 1 Januari 1970, jambo hilo liliamuliwa waziwazi mwaka 1989. Kesi ilihusu kituo cha mchezo wa kuteleza kwenye theluji kilichopendekezwa katika Msitu wa Taifa wa Okanogan, jimbo la Washington, na wasiwasi mmojawapo ulikuwa athari kwa kundi la kulungu wa bonde la Methow. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema sheria hiyo inailazimisha serikali kuzijua na kuzieleza athari kabla ya kuamua. Haiilazimishi kuwa na mpango kamili wa kuzipunguza. Kwa hiyo ulinzi wenyewe lazima utoke mahali pengine: kwenye uamuzi uliosainiwa, leseni, mkataba na bajeti. Tanzania nako, ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai cheti kabla ya mradi mkubwa kuanza, cheti hutolewa pamoja na masharti. Mtaalamu akiwa ameandika kwa ulegevu kwenye taarifa yake, asitegemee masharti hayo yajinyooshe yenyewe yakifika kwenye cheti.

Sharti linalofaa linajibu maswali machache tu: wapi hasa, kiasi gani, lini, nani, na fedha zinatoka fungu gani. Ukishindwa kujibu mojawapo, ujue bado hujaandika sharti; umeandika nia njema.

Tuanze na mahali, kwa kuwa hapa watu huona mambo ni mepesi. Sheria hiyo ya Tanzania, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa, bahari au bwawa. Mita 60 kila mtu anazijua. Lakini zinaanzia wapi? Katikati ya mkondo, ukingo wa maji ya kiangazi, au pale maji yanapofika mafuriko yakija? Kwenye mto mpana tofauti hiyo peke yake inaweza kumeza nusu ya ukanda wa kinga. Andika: kutoka alama ya juu kabisa ya maji ya masika, kila upande. Kisha sema kama umbali unapimwa kwa usawa au kwa kufuata ardhi. Kwenye mteremko wa asilimia 50, futi kamba ya mita 60 ikilazwa juu ya ardhi inakupa takriban mita 54 tu za usawa. Ili kupata mita 60 kamili kwenye ramani, lazima uilaze mita 67 juu ya ardhi. Mpimaji wa mkandarasi atachagua kipimo kinachompa magogo mengi zaidi, na hutaweza kumlaumu kama karatasi haijasema.

Ramani nayo ina mtego wake. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo rejea (msingi wa kupimia mahali duniani) wa Arc 1960, wakati vifaa vya GPS huja vikiwa vimewekwa kwenye WGS84. Tofauti kati ya hiyo miwili ni takriban mita 300. Mtu akichukua viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali, kutoka ramani moja na kuviingiza kwenye kifaa bila kubadilisha, ukanda wote wa kinga unahamia upande mwingine wa kilima, na kwenye skrini kila kitu kinaonekana sawa. Kila jedwali la viwianishi liwe na jina la mfumo rejea juu yake. Na mpaka usiishie kwenye karatasi: miti ya mpakani ipakwe rangi kwenye usawa wa kifua na tena chini kabisa, mahali ambapo kisiki kitabaki. Mti ukikatwa kimakosa, ile rangi ya juu inaondoka na gogo, lakini ya chini inabaki kuwa ushahidi.

Sasa maji na barabara. Ningekuwa na siku moja tu ya kukagua mradi wa msituni, ningeitumia yote kwenye barabara, maana sehemu kubwa ya udongo unaoishia mtoni kutokana na uvunaji hutoka huko. Miti inaweza kuota tena. Barabara iliyokatwa vibaya huendelea kumwaga tope kila masika, hata baada ya wavunaji kuondoka.

Tazama kalvati moja tu, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Kijito kinakusanya maji kutoka hekta 40. Kwa kukadiria mafuriko yake, zidisha mgawo wa mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka juu ya ardhi) kwa ukali wa mvua wa milimita kwa saa, zidisha tena kwa hekta, ugawanye kwa 360. Tuseme mgawo ni 0.3, kwa kuwa eneo lina miti, na mvua ni milimita 60 kwa saa: jibu ni mita za ujazo 2 kwa sekunde. Bomba la kipenyo cha milimita 600, ambalo huwekwa kwa mazoea kwa sababu ni jepesi kubeba, hupitisha takriban theluthi moja ya mita ya ujazo kwa sekunde kabla maji hayajapanda juu ya mdomo wake. Yaani sehemu moja kati ya sita ya kinachokuja. Na hesabu hiyo bado haijagusa uvunaji. Ukifyeka sehemu ya juu, mgawo ukapanda hadi 0.4, unatafuta njia ya mita za ujazo 2.7. Hapo tunazungumzia bomba la zaidi ya milimita 1,200, au daraja dogo.

Ukubwa wa bomba si mwisho wa hesabu. Kinachoua kalvati nyingi za msituni ni matawi, mawe na tope vinavyoziba mdomo. Ndiyo maana Mpango wa Misitu wa Kaskazini-Magharibi nchini Marekani, wa 1994, ulidai vivuko vipya vya vijito kwenye ardhi ya serikali vimudu mafuriko ya miaka 100, yaani makubwa kiasi cha kutarajiwa kwa wastani mara moja kwa karne, pamoja na mashapo na magogo yanayosombwa nayo. Nakubaliana nao kabisa, na ningeongeza jambo moja kwenye kila sharti la kivuko: chukulia kwamba bomba litaziba, kisha amua maji yatakwenda wapi siku hiyo. Barabara ikiwa inashuka kupita kivuko, maji yaliyofurika hugeuka, hufuata barabara kama mfereji mpya, na kuchimba korongo mbali na kijito chake. Barabara ikiwa imechongwa kibonde kidogo juu ya kalvati, maji huvuka na kurudi mkondoni mwake. Unapoteza kifusi kidogo, basi. Tofauti ni saa chache za greda, zikiandikwa kwenye mkataba kabla ya kazi kuanza.

Kwa barabara inayofungwa baada ya uvunaji, taja idadi ya matuta ya kukinga maji. Kwenye udongo unaomomonyoka kwa urahisi na mteremko wa kati ya asilimia 6 na 10, tuta moja kila mita 30 ni kiwango kizuri cha kuanzia. Mteremko ukizidi hapo, sogeza hadi mita 20. Kila tuta limwage maji kwenye uoto, kamwe si kijitoni. Yajengwe kabla mvua hazijaanza na kabla greda haijahamishwa, kwa sababu greda ikishaondoka, kuirudisha ni gharama ambayo hakuna anayetaka kuilipa.

Kuhusu misimu, sharti langu ni fupi: uchunguzi wa hali ya awali ufanyike masika na kiangazi. Anayekwenda kiangazi pekee hataona vijito vya msimu wala maeneo chepechepe, na ramani yake itaonyesha ardhi kavu pale ambapo trekta la kuvuta magogo litazama.

Njia mbadala zinastahili heshima zaidi ya zinayopata. Kanuni za Marekani za 1978 kuhusu tathmini hizi ziliita sehemu hiyo moyo wa taarifa nzima. Taarifa nyingi huweka mradi wenyewe, njia moja ya ajabu iliyowekwa ili ikataliwe, na “kutofanya chochote” katika aya moja. Kutofanya chochote nako kuna athari. Shamba la misonobari lisilopunguzwa miti hujaa matawi na majani makavu yanayolisha moto. Barabara ya zamani isiyorekebishwa huendelea kubomoka. Athari hizo zipimwe kwa vipimo vilevile vya njia nyingine, hata kama matokeo yatamuudhi anayelipia taarifa. Na njia mbadala ya kweli huwa ndogo na ya karibu: kuhamisha barabara mgongoni mwa kilima, kupunguza vivuko kutoka vinane hadi vitatu, kuvuta magogo kwa waya badala ya trekta kwenye miteremko mikali.

Wananchi wanaoishi kando ya msitu waulizwe kabla njia hizi hazijachorwa. Wanajua chemchemi ambazo hazimo kwenye ramani, na wanajua gari lipi hukwama wapi. Mkutano ukiitishwa baada ya mchoro kukamilika, maoni yao yanaishia kwenye kiambatisho. Kila hoja ijibiwe kwa maandishi: imebadilisha nini kwenye mpango, au kwa nini haikubadilisha.

Ufuatiliaji ndio unaoachwa bila fedha mara kwa mara. Sampuli za tope zichukuliwe juu na chini ya kivuko siku ileile, mvua ikiwa inanyesha au saa chache baadaye. Maji ya mto wa mlimani yanaweza kusafika ndani ya siku moja au mbili, na mkaguzi anayefika wiki ijayo ataandika kwamba hakuna tatizo. Picha zipigwe kutoka nguzo zilezile kila mara. Sharti liseme pia ni kiwango gani kikifikiwa kazi inasimama, na nani kati ya waliopo eneo la kazi ana mamlaka ya kuisimamisha bila kusubiri barua kutoka makao makuu.

Kabla ya kusaini, mtaalamu akae na ofisa manunuzi, wapitie masharti moja baada ya jingine wakitafuta kila moja lipo kifungu gani cha mkataba na limetengewa kiasi gani. Lisiloonekana liingizwe hapo hapo. Likikataliwa kwa sababu ni ghali, taarifa irekebishwe iseme kwamba athari hiyo itabaki, ili anayeidhinisha mradi asaini akiijua.